Diski Zisizo na Majina

Bibi aliyenipangisha chumba kule Berea, mtaa wa mlimani Durban, nyuma ya nyumba yake kuukuu ya bati jekundu, alikuwa amelisikilizia taifa lake muziki kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo alivyoieleza kazi yake ya zamani, bila majivuno, kama mtu anayesema aliwahi kufanya kazi posta. Alikuwa mmoja wa majaji wa tuzo ya taifa ya rekodi za muziki wa klasiki. Kila mwaka aliletewa sanduku la diski, na diski hizo hazikuwa na majalada wala majina. Mtu wa ofisini alikwisha kuyaondoa yote na kuandika namba juu ya kila diski kwa kalamu ya wino mzito. Bibi hakujua kama namba tisa ni okestra kubwa ya mji mkuu au kwaya ya shule iliyorekodiwa darasani. Aliketi kwenye kiti chake kirefu sebuleni, akasikiliza, kisha akaandika.

"Ukurasa mmoja kwa kila namba," aliniambia. "Hata kwa zile mbaya. Hasa kwa zile mbaya, binti. Mtu aliyeimba vibaya kwa moyo wote anastahili kujua ni wapi alipokosea."

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo yangu ya muziki. Nilikuwa nimetoka Moshi, mtoto wa mwalimu wa kwaya ya usharika, na nilikuwa nimekuja Durban na imani moja kubwa kuliko sanduku langu la nguo: kwamba muziki ni mahali ambapo binadamu anaweza kupimwa kwa haki. Darasani imani hiyo ilikuwa imeanza kupata nyufa. Niliona ni nani anayepewa chumba chenye piano nzuri na ni nani anayeambiwa arudi kesho. Kwa hiyo simulizi ya bibi ilinishika. Nilikaa kwenye ngazi za uani, tumbili wa mtaa wakirukaruka juu ya ukuta, nikawaza: kuna nchi ambayo imetengeneza utaratibu mzima, masanduku, kalamu na majaji, ili watu wachache wasikilizwe bila kutazamwa. Niliiheshimu tuzo ile kabla sijaiona sanamu yake. Sanamu yenyewe, kusema kweli, sikuwahi kuiona mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia Maestro.

Maestro alikuwa fundi wa simu. Meza yake ilikuwa kwenye soko la Warwick, upande wa chini wa daraja, kati ya mama aliyeuza mizizi ya dawa na kijana aliyeuza chaja. Wateja wake walimwita fundi; sisi wa kwaya tulimwita Maestro, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwenye umri wa kuwa baba yangu, mwembamba, na vidole vyake vilitembea ndani ya simu iliyofunguliwa kama vidole vya mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Katika droo ya bisibisi aliweka uma wa sauti, kile kichuma chenye matawi mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti iitwayo la, ile ile siku zote, bila kujali mvua wala joto. Alisema ni kitu pekee alichotoka nacho nyumbani ambacho hakijawahi kuhitaji kupelekwa ofisini kufanyiwa karatasi upya.

Alinisikiliza bila kuinua uso, lenzi ikiwa imebanwa kwenye jicho lake la kulia. Nilipofika kwenye habari ya namba, aliitoa lenzi.

"Ngoja. Jina hawaoni?"

"Hawaoni."

"Na karatasi? Kama ule mutu iko réfugié, ao iko wa hapa?"

"Ofisi inajua kama ni mkimbizi, kwa sababu fomu zinajazwa huko, na rekodi lazima iwe imetolewa hapa nchini. Lakini jaji hajui. Jaji anasikia tu."

Aliiweka chini ile simu. Mteja wake, dada mmoja wa Kizulu aliyekuwa akingoja, alimuuliza kama imekwisha, naye akamjibu kwa lugha yake kwamba bado kidogo. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mimi niko hapa miaka kumi. Kila ofisi nimeingia, wameangalia uso kwanza, kisha karatasi, kisha tena uso. Hakuna hata moja imesikia kwanza." Akaitazama ile droo. "Tutaingia. Kushinda, hiyo ni ya Mungu. Mimi nataka tu mutu mmoja mwenye masikio, mutu amesoma, asikie zaburi yangu mpaka mwisho, halafu aseme. Hata akisema mbaya."

Hilo ndilo alilolitaka. Naliandika wazi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na ombi lile dogo, na mimi ndiye niliyesimama kati yake na mlango wa tuzo.

Kwaya yetu ilikutana katika ukumbi wa kanisa moja Umbilo, Jumamosi saa tisa alasiri. Tulikuwa watu ishirini na wawili: wasusi, wauza nguo, walinzi wa magari ya watu kwenye maegesho, Watanzania wachache tuliokuja kama wanafunzi au wafanyabiashara, na wengine wote kutoka Kivu na Katanga. Aliyeongoza alto alikuwa mama mmoja mwenye saluni, mwanamke wa sauti nzito na ulimi mkali, ambaye watu wote walimwita Maman. Mimi waliniita mademoiselle, binti kwa Kifaransa, na sikuwahi kujua kama ni heshima au utani.

Namna Maestro alivyofundisha ilinichosha sana mwanzoni. Hakugawa karatasi za noti, ingawa alizisoma na kuziandika vizuri kuliko baadhi ya wahadhiri wangu. Aliimba. Aliwaimbia soprano sauti yao, kisha alto, kisha tenori, kisha besi, akitembea katikati ya viti na kuinama kwenye sikio la mtu mmoja mmoja. Lakini sharti lake lilikuwa hili: hakuna aliyeruhusiwa kuimba sauti yake kabla hajaweza kuimba zile tatu nyingine. Besi alijifunza soprano oktava mbili chini, akiguna. Maman alijifunza tenori. Wimbo mmoja ulituchukua miezi mitatu, wakati mwingine minne. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba kuna njia fupi.

"Iko," alikubali. "Lakini mwenye kujua yake tu, anaimba akingojea zamu yake. Mimi sitaki mwenye kungojea. Nataka mwenye kusikia."

Zaburi yenyewe alikuwa ameitungia muziki mwenyewe, kwa sauti nne, bila ala yoyote. Ni moja ya zile ambazo mahujaji waliziimba wakipanda kwenda hekaluni. Ilikuwa na beti tano na ilichukua dakika saba. Nimeimba nyimbo nyingi tangu wakati ule, katika kumbi ambazo viti vyake vimefunikwa velveti, na bado sijakutana na kifungu kinachonifanya nishike pumzi kama ubeti wa nne wa zaburi ile, pale ambapo besi wanabaki peke yao kisha sauti nyingine zinarudi moja moja, kama watu wanaorudi nyumbani baada ya kazi, kila mmoja akikuta taa imewashwa.

Tuliirekodi mwaka wa pili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa Afrika Kusini, asubuhi ya sikukuu ya umma, tukijua Barabara ya Umbilo itakuwa kimya. Chuo kilikuwa kimeniazima maikrofoni nne. Hatukujua kwamba kimya hicho kimekwisha chukuliwa na wenyewe: wale ndege wakubwa wa kijivu wenye midomo mirefu, wanaolia kama geti lisilotiwa mafuta, walikuwa kwenye paa la ukumbi. Mara tatu tulianza, mara tatu wakatukatiza. Mlinzi mmoja wa magari, besi wetu wa upande wa kulia, alikuwa na kikohozi cha siku nyingi. Maman alimpa pipi ya mnanaa na kumwambia, "Weye, ukikohoa tena, tuzo tunakupa weye peke yako, ya kikohozi." Kisha ndege wakaenda zao. Maestro akaugonga uma kwenye goti, akaupeleka sikioni, akatupa noti zetu kwa midomo iliyofumba, nasi tukaimba dakika saba zote bila kusimama.

Sijui namna ya kuieleza rekodi ile bila kuonekana ninatia chumvi. Tulipomaliza, hakuna aliyetabasamu. Watu walitazama sakafu. Yule besi alikuwa ameshika mkono wa jirani yake bila kujua.

Nami, binti mwenye elimu, niliuchukua uma kutoka kwenye meza na kuugonga.

Hiyo ilikuwa desturi niliyoileta mimi. Chuoni tulifundishwa kwamba kwaya inayoimba bila ala ina tabia ya kuteleza, na kwamba mwanamuziki mwaminifu hujipima mwishoni. Tulianzia kwenye la. Tulipaswa kuishia kwenye la. Uma uliimba noti yake safi, na kwaya ilikuwa imeishia chini yake kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa iliyopo kati ya kitufe cheupe cha piano na cheusi cha jirani yake.

Nilimwita Maestro pembeni, kwenye kijia cha jikoni ambako sufuria za kanisa ziliwekwa. Nilimwambia tumeshuka.

"Nimesikia," alisema. "Ubeti wa tatu."

"Hatuwezi kuipeleka hivi, Papa."

"Tumeshuka wote pamoja."

"Lakini tumeshuka. Majaji watakuwa na uma kama huu. Wataandika kwamba kwaya hii haikuweza kushika sauti. Hao ndio watu uliotaka wakusikie. Utataka wasikie kosa?"

Nilisema mengi mengine. Nilisema kwamba kwa watu kama sisi, wageni, kosa dogo halihesabiwi dogo. Kwamba tuna wajibu wa kuwa sahihi mara mbili. Niliongea kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nikikumbuka maneno yangu siyaoni kuwa ya uongo hata leo. Nilichokosa ni kusikia kwamba katika utaratibu ule nilioupenda hakukuwa na "watu kama sisi". Kulikuwa na namba tu. Mimi ndiye niliyerudisha sura zetu juu ya diski.

Maestro aliuchukua uma kutoka mkononi mwangu. Alikuwa mtu aliyeacha masomo katikati kwa sababu ya vita, na aliiheshimu karatasi ya chuo kama watu wengine wanavyoheshimu kanzu ya kasisi. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake, kama ni kasoro.

"Weye njo umesoma," alisema. "Sawa. Tutafanya ingine. Mwaka kesho."

Alirudi ukumbini akawaambia watu, "Hatutumi. Nimekataa." Hakusema zaidi.

Kelele iliyofuata ilikuwa kubwa. Maman alisimama, mikono kiunoni.

"Maestro, umekataa nini? Mimi nimefunga saluni siku ya sikukuu, siku batu wanataka kusuka! Nimefunga ili uje useme umekataa?"

"Nimekataa, Maman."

"Kwa sababu ya kikohozi?" yule besi aliuliza kwa huzuni.

"Hapana, ndugu yangu. Kikohozi chako kiko juste kabisa, kiko sawa na noti."

Watu walicheka, na kicheko kiliufunika mjadala. Mimi nilikuwa nikikunja nyaya za maikrofoni. Nilingoja Maestro ageuke anionyeshe kwa kidole, hata kwa jicho. Hakufanya hivyo siku ile, wala miezi iliyofuata, ingawa Maman alimtania kila Jumamosi: "Monsieur Nimekataa amefika," alisema mlango ukifunguliwa. "Leo unakataa nini, mazoezi ao chai?" Yeye alitabasamu na kugonga uma kwenye goti. Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba rekodi ya pili itakapotoka, kila mtu ataelewa.

Rekodi ya pili niliiandaa kama mtu anayeandaa mtihani. Nilileta kompyuta na hedifoni. Niliigawa zaburi ubeti kwa ubeti; kabla ya kila ubeti nilipiga noti kwenye hedifoni za viongozi wa sauti, wao wakaipitisha kwa wenzao, tukaimba, tukasimama, tukapima. Ubeti ulioshuka uliimbwa tena. Baadaye, kwenye maabara ya chuo, niliziunganisha beti tano kwa uangalifu hivi kwamba mimi mwenyewe nilisahau pale nilipokata. Tulianza kwenye la na tukaishia kwenye la. Maestro aliisikiliza kwenye meza yake Warwick, hedifoni zangu masikioni, mikono juu ya magoti.

"Iko juste," alisema.

"Umeipenda?"

"Iko juste, mwanangu. Tuma."

Nilijaza fomu za tuzo. Kabla sijafunga bahasha niliandika ofisini kuuliza jambo dogo kuhusu idadi ya nakala. Jibu lilikuja kwa barua pepe siku mbili baadaye, la adabu na fupi. Lilisema kwamba kipengele cha rekodi za klasiki kimeondolewa na hakitatolewa tena. Katika miaka ya karibuni, waliandika, rekodi zilizowasilishwa zilikuwa chache mno kuweza kuendesha mashindano. Walitushukuru kwa nia yetu.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama kwenye maktaba ya chuo, kisha nikakaa. Chache mno. Sijidanganyi kwamba diski moja kutoka Umbilo ingeokoa tuzo ya taifa zima. Lakini mwaka mmoja kabla, tuzo ilipokuwa ikihesabu diski zake za mwisho, diski yetu ilikuwa kwenye droo yangu ya soksi, kwa sababu ya nusu toni na kwa sababu ya kiburi changu kilichovaa nguo za uaminifu.

Jioni nilimweleza bibi. Aliweka mkono juu ya rafu ambako zamani masanduku yalikaa.

"Hawakuniambia," alisema. Kisha: "Nani sasa atawaandikia wale wabaya?"

Kwa Maestro nilikwenda asubuhi. Nilitaka kumwambia mbali na kwaya. Alikuwa akiunganisha waya mwembamba kama unywele, akaniashiria nisubiri, nami nikasubiri mpaka mkono wake ulipotulia. Nikamwambia yote, pamoja na neno lile la "chache mno", na nikamwambia kwamba kama ningemsikiliza mwaka jana, zaburi yake ingekuwa imesikika mpaka mwisho.

Hakunifariji. Namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Eish," kama watu wa hapa wanavyosema, kwa pumzi ndefu, akaufunga mkebe wa skrubu. Yule mama wa mizizi alimtazama na kumuuliza kuna nini. "Hakuna, Ma," alimjibu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna tena mutu wa kusikia?"

Ni swali lile lililonipeleka nyumbani kwa miguu, kupanda mlima wote wa Berea, badala ya kungoja teksi. Nilichukua diski mbili tupu. Juu ya moja nilinakili rekodi ya kwanza, juu ya nyingine ya pili. Niliandika namba kwa kalamu ya wino mzito: kumi na nne, kumi na tano. Bibi hakuwahi kuisikia kwaya yetu. Alijua tu kwamba ninaimba mahali fulani. Nilimkuta sebuleni.

"Zimechelewa kufika," nilimwambia. "Mbili tu. Tafadhali, kwa utaratibu ule ule."

Alizipokea kwa kingo, kama anavyopaswa mtu kupokea diski. Hakuuliza ni za nani. Alinitazama juu ya miwani, akaona jambo fulani usoni mwangu, akaamua kutoliona.

"Nitahitaji siku tatu," alisema.

Kwa siku tatu, kila alasiri, nilisikia zaburi ikipita kwenye dirisha la sebule na kuingia uani. Ilifika mwisho, kimya, kisha ilianza tena. Sikuwahi kumwona mtu akiifanya kazi kwa heshima namna ile pasipo kuwa na wa kumsimamia. Tuzo ilikuwa imekufa, ofisi imefunga jalada, na mwanamke mzee mwenye maumivu ya kiuno bado aliketi wima kwenye kiti chake na penseli mkononi. Siku ya nne nilikuta bahasha mbili chini ya mlango wangu, kila moja na namba yake. Nilizipeleka Umbilo bila kuzifungua, kwa maana hazikuwa zangu.

Jumamosi ile kwaya yote ilikuwepo. Habari ya kuondolewa kwa tuzo walikuwa nayo tayari. Maestro alikuwa amewaambia mwenyewe. Nilimkabidhi bahasha, nikamweleza mbele ya wote ni nani aliyeziandika na kwamba hakujua sisi ni akina nani. Alizigeuzageuza, akanirudishia.

"Soma weye. Kiingereza chake kitakuwa kirefu. Utie kwa Kiswahili, pole pole, na usiruke kitu."

Nilianza na kumi na tano, rekodi yangu. Bibi aliandika kwamba uimbaji ni sahihi na kazi ya unasaji ni safi. Aliandika kwamba kila ubeti unasimama vizuri peke yake. Kisha aliandika: "Lakini ni kwaya inayojilinda. Nasikia watu wanaosikiliza kitu kilicho nje yao, na kati ya beti, pumzi za watu hawa zinapotea, kana kwamba walitoka chumbani na kurudi. Singeipeleka raundi ya pili."

Nikafungua kumi na nne.

"Namba hii inashuka nusu toni katika ubeti wa tatu," nilisoma. "Nilipiga kinanda changu kuhakikisha. Wameshuka wote pamoja, sauti nne kwa pamoja, bila hata mmoja kuachwa nyuma, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijasikia kosa likifanywa kwa umoja kiasi hicho. Hawa ni watu ambao kila mmoja anaijua njia ya mwenzake. Ubeti wa nne niliusikiliza mara sita. Tenori ni wachache mno. Kuna besi upande wa kulia mwenye kikohozi. Ningependa aende hospitali. Ningeipeleka raundi ya mwisho na kuitetea. Kama ingeshinda, sijui. Mtunzi, popote alipo, afahamu kwamba amesikika mpaka mwisho."

Niliikunja karatasi. Yule besi alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Maestro alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameutazama uma mapajani mwake, na mabega yake yalikuwa yamelegea kama ya mtu aliyeutua mzigo na bado hajaamini.

"Kuna jambo jingine," nilisema. "Halimo kwenye karatasi. Mwaka jana Maestro aliwaambia kwamba amekataa. Si yeye aliyekataa. Ni mimi. Yeye alitaka kutuma, mimi nikamzuia, halafu nikawaacha mkamwita Monsieur Nimekataa mwaka mzima."

Nilijiandaa kwa hasira ya Maman. Yeye alivuta kanga yake vizuri kiunoni.

"Mademoiselle," alisema, "tulijua."

"Mlijua?"

"Maestro akikataa kitu, anaeleza saa nzima. Anaanza na Bukavu, anapita kwa Musa, njo anafika. Siku ile alisema neno moja." Akamgeukia. "Tulikuwa tunangoja kuona nani atachoka mbele, yeye ao weye. Nimeshinda dau. Soprano wote nawadai samahani."

Walicheka, na hata mimi nilicheka, ingawa macho yangu yalikuwa na maji. Hawakunisamehe kwa maneno. Mama mmoja wa soprano alinisogezea kiti, basi. Maestro alisimama, akaiomba ile karatasi ya kumi na nne, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati, upande ule ule alikozoea kuweka karatasi yake ya ukimbizi siku za foleni.

"Bon," alisema. "Zaburi."

Aligonga uma kwenye goti. Tuliimba beti zote tano, madirisha yakiwa wazi na magari ya Umbilo yakipita. Sikupima kama tunashuka. Katika ubeti wa nne nilijikuta nikiwasikia tenori zaidi ya ninavyojisikia mwenyewe. Tulipomaliza, Maestro alinyoosha mkono juu ya safu ya alto na kunipa uma, kama ilivyokuwa desturi yangu. Nilisita. Akaniashiria kwa kichwa: gonga. Nikagonga, nikauweka sikioni.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nusu."

"Wote?"

"Wote."

"Haya," alisema. "Tuendelee."